Dhamira Si Neno Moja

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi ambao naona mmeshafungua madaftari mkisubiri niwape orodha. Orodha haipo. Nimepewa mambo matatu niyazungumzie, yaani dhamira, tanzu (aina za kazi za fasihi) na istilahi za fasihi, na nawaonya mapema kwamba la kwanza litakula muda wa mengine. Wanaonijua wanacheka kwa sababu wimbo huu wameshausikia. Watausikia tena.

Nianze na sentensi ninayoichukia kuliko zote: "Dhamira ya kazi hii ni mapenzi." Nukta. Mwanafunzi anashusha kalamu, anahamia swali la pili. Au ni "ukoloni", au "rushwa", au "nafasi ya mwanamke". Ukimuuliza mapenzi yamefanya nini katika kitabu hicho, anakutazama kana kwamba umemtukana. Jamani, mapenzi ni mada. Yamo katika nusu ya nyimbo zote duniani. Ukiniambia kitabu kinahusu mapenzi hujaniambia lolote kukihusu. Dhamira inaanza pale unapoweza kusema kitabu hicho kinadai nini juu ya mapenzi: kwamba yanavumilia, kwamba yananunulika, kwamba anayependa zaidi ndiye anayeumia zaidi. Hapo tuna jambo la kubishania.

Chukueni kisa cha sungura. Kwa Aesop, Mgiriki wa kale, alikuwa mbweha na zabibu. Kwetu akawa sungura, na tunda ni ndizi au zabibu kutegemea nani anasimulia. Mnakijua. Sungura ana njaa, anaona zabibu zimeiva juu, anaruka hazifikii, anaruka tena, jasho linamtoka, mwisho anaondoka akisema: "Sizitaki mbichi hizi."

Haya, dhamira? Nasikia "tamaa". Tamaa iko wapi? Mnyama mwenye njaa anataka kula, hiyo si tamaa. Nani amesema "uvivu"? Ameruka mpaka jasho likamtoka, ulitaka afanye nini zaidi, alete ngazi? "Uongo." Ahaa, sasa tunakaribia. Lakini anamdanganya nani? Tazameni vizuri chini ya ule mti: hayupo mtu. Hakuna anayemuuliza, hakuna anayemcheka. Anasema peke yake na kujisikia mwenyewe. Kwa hiyo si uongo wa kumhadaa jirani. Ni uongo wa kujitibu. Sasa naweza kusema: kiumbe akishindwa kupata anachokitaka, hukishusha thamani ili asilazimike kukiri kwamba ameshindwa. Hiyo ni dhamira. Ina kiima, ina kiarifu, na mtu anaweza kusimama hapo nyuma akanipinga.

Wala sijamaliza na sungura. Niambieni ni neno gani limeibeba dhamira hiyo. Wengi mtasema ni "mbichi". Si hilo. Ni "zimeiva", lile lililopita mwanzoni mwa kisa kimyakimya. Mlitoe neno hilo, mseme tu "akaona zabibu", kisha sungura aseme ni mbichi. Kisa kimekufa. Huenda kweli ni mbichi! Tutakuwa na sungura mkweli aliyekagua matunda akaenda zake. Msimulizi alitudokeza mapema kwamba zimeiva, ndiyo maana sungura akifungua kinywa tunacheka: sisi tunajua asichotaka kujua. Hali hiyo, ya msomaji kujua zaidi ya mhusika na maneno kwenda kinyume na ukweli tuliokwisha kuonyeshwa, ndiyo kinaya. Mmeona? Istilahi imekuja yenyewe, na imekuja kwa sababu tulikuwa tunaihitaji.

Twende mbele kidogo. Mpeni sungura mwenyewe asimulie. "Nilipita chini ya mti nikaona zabibu mbichi, sikuzitaka, nikaenda zangu." Nafsi ya kwanza. Kuruka kumefutwa, jasho limefutwa, na dhamira imezama. Labda tutaipata tena tukianza kujiuliza: mbona anatueleza habari za zabibu asizozitaka? Hapo tuna msimulizi asiyeaminika, na kazi ya kusoma imekuwa ngumu mara mbili. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "usimulizi ni wa nafsi ya tatu" akaishia hapo amefanya kazi ya karani. Swali ni hili: nafsi ya tatu imetupa nini ambacho ya kwanza ingetunyima? Katika kisa hiki imetupa neno moja, "zimeiva", na kwa neno hilo tumepata kisa kizima.

Na kwa nini sungura, kwa nini asiwe bwana fulani wa mtaa fulani? Kwa sababu angekuwa bwana fulani tungeanza kumchunguza: analala njaa tangu lini, mkewe yuko wapi, mbona hakuomba msaada. Tungemhurumia. Hurafa, yaani hadithi fupi ya wanyama yenye funzo, inamtumia mnyama ili maswali hayo yasiulizwe. Tunacheka kwanza, halafu baadaye, njiani kurudi nyumbani, mtu anakumbuka kazi aliyoiomba akaikosa, akawaambia watu kwamba mshahara wenyewe ulikuwa mdogo.

Kuna mtu hapa anasema moyoni: mwalimu, si kila msomaji ana dhamira yake? Pingamizi hilo nalijua, linakuja kila mwaka. Jibu langu ni ndiyo, lakini unilipe ushahidi. Ukiniambia kisa cha sungura kinahusu utunzaji wa mazingira kwa sababu kuna mti, nitakuomba sentensi. Huna. Ukiniambia kinamtetea sungura, kwamba kujifariji ni akili na si ujinga, kwa kuwa aliondoka akiwa mzima badala ya kuruka mpaka afe, hapo nitakaa kitako nikusikilize, maana kile "anaondoka" kimo katika kisa. Hapo tuna wasomaji wawili wanaopingana na wote wameshika matini. Wa mazingira ameshika hewa.

Mwingine anasema: mtihani unataka istilahi. Najua, na mimi mitihani hiyo nimeisahihisha. Ndiyo maana nazungumza kwa uchungu. Unakutana na hii: "Mwandishi ametumia tashbihi, sitiari, tashihisi na takriri ili kuipamba kazi yake." Kuipamba! Kila tamathali, kila usemi wa kisanaa, inapamba. Takriri, ule urudiaji wa mama anayeita jina la mtoto aliyezikwa, nayo inapamba? Neno hilo ningekuwa na mamlaka ningelifungia mwaka mzima tuone watu wataandika nini.

Basi tuipeleke hoja kwenye kazi kubwa, maana wengine mtasema kisa cha mistari minne ni rahisi. "Kinjeketile", tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, inasimama juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Muulize mwanafunzi dhamira yake: "ukombozi", "umoja". Sawa, hizo ni mada, na zimo. Lakini angalieni Kinjeketile, yule kiongozi aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, anafikishwa wapi mwishoni. Watu wameshaamini maji, wameshakufa. Yeye yuko mikononi mwa Wajerumani na anatakiwa atamke jambo moja tu, kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Kwa nini, ilhali shaka ilikuwa naye hata kabla ya vita? Kwa sababu neno limeshamzidi. Limeshakuwa mali ya watu ambao hawajazaliwa, na akilikana atakuwa amekana pia sababu ya wao kupigana. Kwa hiyo tamthilia ile inauliza swali gumu kuliko "umoja ni nguvu": kiongozi ana haki gani juu ya neno lake baada ya watu kulifia? Ukiandika hilo, hata anayesahihisha ataamka.

Mwenyekiti ananitazama. Tanzu.

Tanzu tunazifundisha kwa kuainisha: fasihi simulizi na andishi, kisha riwaya, tamthilia, ushairi, hadithi fupi, kila kimoja na vipera vyake. Mnayajua, siyarudii. Ninachotaka kusema ni kwamba utanzu unakuambia udai nini, na usidai nini. Kijana mmoja aliwahi kulalamika kwangu kuhusu "Kusadikika" ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Wahusika si watu, alisema. Karama, mshtakiwa, ni mwema tu, Majivuno, waziri anayemshtaki, ni mbaya tu, halafu wajumbe sita wanatumwa pande sita na kila mmoja anarudi na heri, kisha anatupwa gerezani, kisa kilekile mara sita. Nikamwambia umeona sawasawa kabisa, ila umekosea mahakama. Unakihukumu kwa sheria za riwaya ya kihalisia kitabu ambacho nchi yake inaelea angani! Ile ni istiara ndefu, hadithi nzima inayosimama badala ya jambo jingine, iliyovaa nguo za hekaya. Majina yenyewe yanakuambia usitafute nafsi zilizofichika. Na kurudia mara sita ndiyo hoja yenyewe: mjumbe mmoja akifungwa ni bahati mbaya, sita wakifungwa ni utawala. Kumbukeni pia kitabu kilitoka nchi ikiwa chini ya Waingereza. Nchi ya hewani inasema mambo ambayo nchi ya ardhini isingeruhusiwa kuyasema.

Ushairi nao. Ugomvi kati ya mashairi ya vina na mizani (hesabu ya silabi) na mashairi huru yasiyofuata hayo, uliopamba moto baada ya "Kichomi", diwani ya Kezilahabi ya mwaka 1974, mimi siuingii leo. Nasema tu kwamba pande zote mbili zina watu wanaohesabu mizani bila kusikia. Sikilizeni beti hizi mbili za utenzi, nimezitunga kwa ajili ya kikao hiki, msiniulize zimechapishwa wapi:

Jana ulinipa neno,
Ukakenua na meno,
Leo wakunja mkono,
Wapita hunitazami.

Na kosa hukulitaja,
Nami bado nakungoja,
Neno lako hata moja
Halijanifika mimi.

Mwanafunzi atasema: mizani nane kila mshororo, vina vya mishororo mitatu vinafanana, wa nne una kina chake kinachorudi beti zote, ndiyo bahari. Sahihi, alama mbili. Sasa sikieni kinachotendeka. Mishororo mitatu inakwenda pamoja, no, no, no, sikio linazoea, linangoja la nne. La nne linageuka ghafla, na limegeuka pale hasa rafiki anapopita bila kutazama. Umbo limemtenga mlalamikaji kama rafiki alivyomtenga. Halafu kila ubeti, hata uzungumzie nini, lazima uishie kwenye "mi". Anayelalamika hawezi kutoka kwenye nafsi yake, kila akiondoka bahari inamrudisha. Hayo sikuyabuni, yamo katika umbo la utenzi, na mtunzi hodari hulitumia akijua. Wa kawaida hulijaza tu.

Tamathali, kwa haraka. Majina yanatofautiana kutoka kitabu hadi kitabu: tashihisi, kukipa kitu uhai wa mtu, kwa mwingine ni uhuishi, mubalagha, kutia chumvi, kwa mwingine ni chuku, sitiari na istiara watu wamezigombania mpaka wakanuniana. Shikeni jina moja, lifafanueni, mwende mbele. Kilicho muhimu ni chaguo. Mwandishi akisema "alikuwa kama jiwe", hiyo ni tashbihi: lile "kama" limeacha mlango wazi, bado ni mtu. Akisema "jiwe lile likanitazama", hiyo ni sitiari: mlango umefungwa. Kwa nini mwandishi huyuhuyu alitumia "kama" sura ya pili na akalitupa sura ya tisa? Huko kuna insha nzima, na haihitaji hata tamathali ya tatu.

Wahusika nilikuwa nao kurasa tatu, naona hazitasomwa. Niseme tu kwamba "bapa", yaani mhusika wa sifa moja asiyebadilika, si tusi. E. M. Forster, mwandishi na mhakiki Mwingereza, alipoweka tofauti ya bapa na duara, yule wa sifa nyingi anayeweza kutushangaza, mwaka 1927 hakusema bapa wafukuzwe, na mmeshamwona Majivuno. Migogoro naiacha. Mandhari pia naiacha, ingawa inaniuma, maana kuna watu bado wanaandika "mandhari ni ya kijijini" wakadhani wamesema kitu.

Nimeambiwa dakika tano za maswali. Atakayeniuliza dhamira ya kitabu fulani, aje na sentensi aliyoishika mkononi, aisome kwanza tuisikie. Wewe wa safu ya tatu, ulinyanyua mkono tangu kwa sungura. Simama.