Karlovy Vary: Mji Uliojengwa kwa Ajili ya Kunywa Maji na Kutembea

Mabibi na mabwana, mgeni afikaye Karlovy Vary, mji wa chemchemi za maji moto ya tiba magharibi mwa Ucheki, huvutiwa kwanza na baraza ndefu zenye nguzo kandokando ya mto Teplá, akazidhani kuwa mapambo tu ya matajiri wa karne ya 19. Hoja yangu leo ni kwamba baraza hizo ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Masimulizi yanadai kuwa Karel wa Nne, Mfalme wa Bohemia, aliigundua chemchemi akiwa mawindoni, mbwa wake alipotumbukia katika maji ya moto. La hakika ni kwamba mwaka 1370 aliupa mji huo haki zake. Chemchemi kuu, Vřídlo, hutoa takriban lita 2,000 kwa dakika, zenye joto la nyuzi 73 hivi za Selsiasi, na huruka hadi mita 12. Madini yaliyomo huganda yakawa jiwe la rangi ya kutu, mfano wa ukoko wa ndani ya birika, ila huu ni mnene kiasi cha kubeba sehemu ya mji wa kale. Wachuuzi huweka waridi za karatasi ndani ya maji hayo, wakazitoa baadaye zikiwa zimevikwa jiwe hadi kwenye mikunjo ya petali.

Zamani wagonjwa walioga zaidi kuliko kunywa. Walikaa majini kwa saa nyingi hadi ngozi ikapasuka, na mipasuko hiyo ilifurahiwa, kwani iliaminika kuwa ugonjwa ungepata pa kutokea. Mwaka 1522 tabibu Václav Payer alichapisha ushauri kwamba maji hayo yanywewe pia. Ushauri ukapokelewa kwa pupa, hata ikafika wakati watu wakanywa makumi ya vikombe kwa siku. Aliyerudisha kiasi ni Dakta David Becher, aliyefariki mwaka 1792. Alipunguza idadi ya vikombe, akataka maji yanywewe palepale yanapobubujika, kabla gesi yake haijapotea, na mgonjwa atembee baada ya kunywa.

Sasa, mtu anayekunywa huku akitembea katika bonde lenye mvua anahitaji paa refu. Ndipo Josef Zítek, msanifu wa Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza la Prague, alipojenga Baraza ya Kinu kati ya 1871 na 1881: nguzo 124, na chemchemi tano chini ya paa moja. Hata kikombe kilibadilishwa umbo. Mkono wake una tundu ndani, mnywaji akafyonza kidogo kidogo bila kusimama.

Waliotembea hapo hawakuwa wagonjwa tu. Mwaka 1819 Metternich, waziri wa mambo ya nje wa Austria, aliwakusanya mawaziri wa dola za Kijerumani wakaamua kuyabana magazeti na vyuo vikuu. Kuanzia 1874 Karl Marx, aliyewahi kuhariri gazeti lililofungwa na wakaguzi wa serikali, alikuja mara tatu kutibiwa ini.

Baraza ya chuma ya Vřídlo iliyeyushwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ya sasa, ya kioo na zege, ni ya mwaka 1975. Kwa macho yangu haina uzuri, lakini inafuata kanuni ya Becher barabara: maji hutolewa humo kwa viwango tofauti vya joto, na daktari ndiye anayempangia mgonjwa anywe yapi, kiasi gani na saa ngapi.