Bango, Kanga na Babu wa Chemchemi: Nilivyoenda Kigali

KAKA: Haya jamani karibuni tena, leo hatujaalika mtu wa nje maana mwenzangu hapa ndo mgeni wetu. Aprili 2024 alienda Kigali kwenye kongamano la malaria la Afrika nzima na hajawahi kutusimulia likaisha. Dada, anzia safari.

DADA: Asante kaka. Safari ilikuwa ya basi, kutoka Dar mpaka Rusumo, maana nililipiwa usajili na malazi, nauli ya ndege haikuwepo. Na bango langu, lile karatasi kubwa la kuonyesha utafiti wangu wa mbu, nimelizungushia nailoni nimelipakata njia nzima. Sasa si unajua Rwanda mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008, kufika mpakani ile nailoni ikabidi ibaki na mvua ndo inanyesha, nikasimama pale sijui nifanyeje, mama mmoja tuliyekaa naye siti moja akatoa kanga kwenye begi lake akasema mwanangu funga karatasi yako hiyo.

KAKA: Mungu ambariki. Ulimrudishia?

DADA: Alikataa kabisa. Ninayo mpaka leo.

KAKA: Ebu waeleze wasikilizaji hili kongamano ni la nani.

DADA: Linaandaliwa na MIM, ushirikiano wa kimataifa wa utafiti wa malaria, hao walianzia Dakar 1997, halafu 2002 likaja Arusha, hili la Kigali lilikuwa la 8. Na siku ya kwanza kaka sikuongea na mtu, kweli tena. Watu ambao majina yao nimeyasoma kwenye makala miaka yote wako kwenye foleni ya chai, wanakumbatiana, huku Kifaransa huku Kiingereza, mi nimeshika beji yangu nasoma ratiba ambayo nishaisoma mara tano.

KAKA: Na vikaoni?

DADA: Yaani kilichonikosesha usingizi ni yule mbu anayeitwa Anopheles stephensi. Ni mbu wa Asia, Afrika alionekana kwanza Djibouti 2012, akaingia Ethiopia, sasa na Kenya yupo. Mbu wetu wa malaria tumewazoea mashambani na mitoni, huyu anazaliana kwenye mapipa na matangi ya maji, mjini kabisa. Nikafikiria Dar, kila nyumba ina simtanki juu! Halafu kuna suala la dawa, Rwanda wenyewe walitoa taarifa 2021 kwamba kuna vimelea vya malaria vinachelewa kufa ukimpa mgonjwa artemisinini, ile dawa kuu tunayoitegemea, na kwetu Kagera vimeshaonekana. Hapo ndo nikaelewa kwanini lazima tukae pamoja, mbu hana pasipoti.

KAKA: Sasa bango lako.

DADA: Bango langu lilihusu mbu wa malaria anayeitwa Anopheles funestus, bonde la Kilombero, kiangazi anajificha wapi. Kule kwetu huyu ndo anaambukiza kuliko wengine wote, na anapenda maji ya kudumu, masafi, yenye kina na majani pembeni, kama kingo za mto au visima vya chemchemi. Miezi nachota na upawa nahesabu viluwiluwi. Basi nikasimama saa nzima watu wanapita, wanatupia jicho, wanaenda. Akaja mzee mmoja wa Burkina Faso, Kiingereza chake cha kuungaunga na mi Kifaransa sina, akasoma lote taratibu, mpaka chini, akauliza, hivi visima nani alikuonyesha?

KAKA: Swali zuri hilo.

DADA: Nikamwambia kuna babu kijijini, ndo alinipeleka kwenye chemchemi ambayo haipo kwenye ramani yoyote, akaniambia hii haijawahi kukauka tangu nazaliwa. Mzee akaniuliza, jina lake liko wapi hapa? Nikageuka kuliangalia bango langu mwenyewe. Nembo za wafadhili zipo, wasimamizi wangu wapo, mi nipo. Babu hayupo.

KAKA: Lakini dada, si nyie wenyewe mnasema majina ya wanakijiji msiyatoe, maadili ya utafiti?

DADA: Hiyo ni kwa mtu uliyempima damu, yule lazima umlinde. Babu sikumpima chochote, alikuwa ananiongoza, bila yeye sina data. Unamuomba ruhusa, akikubali unaandika, akikataa unaacha. Mi hata kumuuliza sikumuuliza, na hiyo iliniuma zaidi ya kitu chochote wiki ile.

KAKA: Ukafanyaje?

DADA: Mwezi wa sita nikarudi kijijini na bango, kwenye kanga ileile. Tukalitandaza ofisi ya kijiji, nikawatafsiria mstari kwa mstari. Nikampa shikamoo babu, nikamuomba radhi, nikamuomba na ruhusa, akasema andika tu mjukuu wangu. Halafu akainama kwenye ramani, akaweka kidole, akasema hiki kisima umekiweka ng'ambo ya mto, siko.

KAKA: Ikawaje?

DADA: Kesho yake alfajiri tukaenda wote na kifaa cha GPS. Kisima kiko upande wa huku, kama alivyosema. Ramani nimesharekebisha, na jina lake liko kwenye rasimu ya makala.