Isuzu: Kampuni Iliyokua kwa Kuacha

Asanteni. Mkuu wa idara, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mafundi mliofunga karakana mchana wa leo mkaja kutusikiliza, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie ukuaji wa kampuni za kimataifa za malori na mabasi. Ningeweza kuchagua Scania au Volvo, na picha zangu zingependeza zaidi. Nimechagua Isuzu kwa sababu wengi wenu mmefika hapa ndani ya Isuzu, na kama hukupanda, basi ilikuziba njia. Hoja yangu ni moja. Kampuni hii haikukua kwa kushika kila kitu. Imewaachia wengine kazi nyingi, nyingine kwa hiari, nyingine kwa kubanwa, ikabaki na injini ya dizeli na chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari.

Mizizi yake ni kiwanda cha meli. Mwaka 1916 kampuni ya Ishikawajima ya Tokyo, iliyokuwa ikiunda meli, ilianza kupanga kuunda magari. Ujuzi haikuwa nao, ikaingia mkataba na Wolseley ya Uingereza, na mwaka 1922 ikatoa gari la kwanza. Jina la Isuzu, ambalo ni la mto, lilikuja 1934. Hayo nayapita upesi.

Nisiyotaka kuyapita ni ya dizeli. Mwaka 1936 wahandisi wao walikuwa tayari wameunda injini ya dizeli inayopozwa kwa hewa, na kufikia 1941 kampuni nzima ilikuwa imebadilishwa jina ikaitwa kampuni ya magari ya dizeli. Mwaka uliofuata, vita vikiendelea, kiwanda chake kimoja kilitengwa kikawa kampuni ya peke yake. Kampuni hiyo ndiyo Hino. Kwa hiyo makanga wa Hino na wa Isuzu wakigombania abiria stejini, mjue huo ni ugomvi wa ndugu.

Jina la Isuzu lilirudi 1949. Miaka kumi baadaye, 1959, ikatoka Elf, lori dogo ambalo kebini yake imekaa juu ya injini. Nyinyi mnaijua kwa herufi: NKR, NPR, NQR. Mpangilio ule wa kebini ulikuwa na maana kubwa kibiashara. Pua ya lori ikiondoka, urefu wote unaobaki nyuma ni wa mzigo, na lori linakata kona kwenye vichochoro. Lilibuniwa kwa miji ya Japani yenye njia finyu. Atakayeniambia halikubuniwa kwa ajili ya msongamano wa Kirinyaga Road hapa Nairobi, nitamsikiliza, lakini itabidi ajitetee sana.

Sasa fedha. Mwaka 1971 General Motors ya Marekani ilinunua zaidi ya thuluthi moja ya hisa za Isuzu. Isuzu ilipata nini? Njia. Pikapu yake ikauzwa Marekani kwa jina la Chevrolet kuanzia 1972. Na hapa kwetu, General Motors pamoja na serikali ya Kenya walianzisha kampuni mwaka 1975, na kiwanda kikaanza kazi 1977. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa wakinunua Isuzu kwenye lango lenye bango la General Motors, na hakuna aliyeona ajabu.

Lakini Isuzu ilitaka pia kuwa kampuni ya magari madogo ya watu binafsi, na huko ilikutana na Toyota na Nissan. Iliacha kuunda magari ya saluni mwaka 1993. Kufikia 1999 General Motors ilikuwa na asilimia 49 ya hisa. Kisha madeni yakakaba, na mwishoni mwa 2002, katika mpango wa kuiokoa kampuni, fungu hilo likashuka hadi asilimia 12. Mwaka 2006 General Motors ikauza zote zilizobaki. Hata kuunda mabasi Japani, Isuzu iliunganisha nguvu na Hino, yule ndugu wa 1942, chini ya kampuni iitwayo J-Bus. Mwaka 2009 ikaacha kuuza magari ya watu binafsi Marekani. Vitabu vya biashara hupenda kuziita hatua hizi kushindwa. Mimi naona kampuni iliyolazimishwa kukubali inachokijua.

Maana baada ya kuachia, ikaanza kununua. Mwaka 2017 ilichukua asilimia 57.7 ya hisa za kampuni ile iliyoanzishwa hapa Kenya 1975 kutoka kwa General Motors, nayo ikageuka kuwa Isuzu East Africa. Na mwaka 2021 ikaichukua UD Trucks, kampuni ya malori ya Japani, kutoka kwa Volvo, ikapata malori makubwa ambayo yenyewe ilikuwa haina nguvu nayo sana. Mwekezaji wa jana ameondoka, na aliyekuwa akimilikiwa sasa ndiye mwenye lango.

Nirudi kwenye chasisi, kwa sababu hapa ndipo Nairobi yenyewe inapoingia. Matatu ya viti 33 haitoki kiwandani ikiwa matatu. Vipande huja kutoka ng'ambo kwenye makasha, vinaunganishwa hapa, na kinachotoka langoni ni kebini, injini, magurudumu na reli mbili za chuma zilizo uchi. NQR ya siku hizi ina injini ya lita 5.2, silinda nne, yenye tabo ya kusukumia hewa zaidi ndani yake. Anayeinunua anaipeleka kwa mafundi wa bodi. Pale aghalabu kebini inakatwa mgongo, mabomba ya mraba yanachomelewa yawe mbavu, bati linavaa, madirisha yanakatwa, viti vinafungwa kwa bolti. Halafu anakuja mchoraji, anakuja fundi wa muziki, na ikifika mitaa ya Rongai au Umoja ni nganya, yaani matatu iliyopambwa ikapambika.

Tazameni faida yake kwa kampuni. Kila njia ina ladha yake, na ladha inabadilika kila mwaka. Kiwanda cha kimataifa kikijaribu kufuata rangi na taa za vijana wa Umoja, kitafilisika. Kinauza chasisi ileile kwa mwenye matatu, kwa mwenye lori la mchanga, kwa shule inayotaka basi la manjano. Fundi wa bodi wa mtaa wa Kariobangi ndiye anayebeba hatari ya mitindo. Naye hakulipwa na Isuzu hata shilingi. Analipwa na mwenye gari.

Upande wa pili wa jambo hili haupendezi. Bodi mbovu inaua. Gari likipinduka, mbavu zilizochomelewa ovyo zinakunjika, na viti vinang'oka. Kiwango cha ubora cha Kenya, KS 372 cha mwaka 2014, kiliwekwa ili bodi za magari ya abiria ziwe na uimara unaopimika. Wapo mafundi walionung'unika kwamba kitawafungia karakana ndogo. Nawaelewa, ila abiria hawezi kuwa sehemu ya majaribio ya biashara ya mtu.

Je, mtindo huu utadumu? Kuna sababu ya kutia shaka, nayo ni umeme. Kampuni ya BasiGo walianza majaribio ya mabasi ya umeme hapa Nairobi mwaka 2022, na wanawatoza wenye mabasi kwa kilomita. Basi la umeme lina betri nzito chini ya sakafu, nyaya za volti kubwa, na uzito unaopaswa kupangwa pamoja na bodi. Huwezi kumpa fundi reli mbili ukamwambia amalizie. Isuzu imeshatoa Elf ya umeme huko Japani, 2023, lakini swali langu kwao si kama wanaweza kuunda mota. Ni kama watakubali kukaa meza moja na mafundi wa bodi wa hapa tangu siku ya kwanza ya mchoro, jambo ambalo kwa miaka yote hii dizeli haikuwalazimisha kulifanya.

Hapo natulia. Nimeona mikono mitatu. Tuanze na huyo fundi wa nyuma, maana ana ya kunisahihisha kuhusu kukata kebini, nimemwona akitikisa kichwa tangu nilipoligusa.