Kwotabeki Mkongwe kwa Machaguo ya Drafti: Inalipa?

REHEMA: Karibuni tena, wapenzi wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mnaotusikiliza kwa Kiswahili popote mlipo. Mimi Rehema, niko hapa Houston, na mwenzangu ni kaka Khalfani, ambaye leo kaja na moto.

KHALFANI: Moto wapi, dada? Nimekuja na hesabu. Timu ikitoa machaguo yake ya drafti ili ipate kwotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, aliyekwisha kukomaa, inalipa? Mimi nasema mara nyingi hailipi.

REHEMA: Subiri kwanza, kuna wenzetu wanatoka kwenye soka. Jamani, huku klabu hazinunuliani wachezaji kwa ada ya uhamisho. Sarafu yao kubwa ni hayo machaguo ya drafti, yaani zile nafasi za kuchagua vijana wanaotoka vyuoni kila Aprili. Raundi ziko 7, na timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayotangulia kuchagua. Hilo la mwisho mlishike.

KHALFANI: Mlishike sana, maana ndilo linaloua watu. Chukua Denver. Machi 2022 wanamchukua Russell Wilson kutoka Seattle. Wanatoa machaguo mawili ya raundi ya kwanza, mawili ya raundi ya pili, moja la raundi ya tano, na wachezaji watatu juu yake: Drew Lock, Noah Fant, Shelby Harris. Wanarudishiwa Wilson na chaguo moja la raundi ya nne.

REHEMA: Halafu mechi ya kwanza ya msimu ratiba ikawapeleka wapi? Seattle kwenyewe!

KHALFANI: Ile dakika ya mwisho unaikumbuka?

REHEMA: Nitaisahau vipi? Denver wako nyuma 17–16, jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, wanahitaji yadi 5 tu ili waendelee kushambulia. Kwotabeki yuko pale, wamemtolea vyote hivyo, na siku chache kabla ya hapo wamemsainisha nyongeza ya mkataba ya dola milioni 245. Kocha Nathaniel Hackett anaacha saa inakimbia, inakimbia, kisha anamtoa Wilson uwanjani na kumwita Brandon McManus apige teke la kufunga pointi kutoka yadi 64! Akakosa, bila shaka. Nikajiuliza, sasa huyu mtu wamemchukua wa nini?

KHALFANI: Msimu ukaisha 5–12, yaani ushindi 5 na vipigo 12, na Hackett hata hakuumaliza. Sasa rudi kwenye ile sheria. Chaguo la Denver la raundi ya kwanza mwaka 2023 lilikuwa mali ya Seattle, na kwa vile Denver walivurunda, likageuka kuwa nambari 5. Seattle wakamchukua beki Devon Witherspoon. Kila mechi unayopoteza, unamneemesha yule aliyekuuzia.

REHEMA: Na Seattle huku nyuma walibaki na kwotabeki Geno Smith, ambaye hakuna aliyemweka kwenye hesabu, wakaingia mtoano msimu uleule.

KHALFANI: Lakini nikwambie, mimi machaguo siyo yanayoniuma zaidi. Machaguo ni kishika uchumba tu. Mahari yenyewe ni mkataba. Denver walimwacha Wilson Machi 2024, na bado dola milioni 85 zikabaki kuhesabiwa kwenye kikomo chao cha mishahara, kile ambacho ligi huiwekea kila timu, kwa misimu miwili. Mwaka ule mtu akawa anarusha mipira Pittsburgh kwa mshahara wa kima cha chini, gharama ikawa kwenye vitabu vya Denver.

REHEMA: Haya, umesema. Ila mifano unaichagua wewe. Mbona Los Angeles humtaji?

KHALFANI: Nilijua tu.

REHEMA: Mapema 2021 Rams, timu ya Los Angeles, wanamchukua kwotabeki Matthew Stafford kutoka Detroit. Detroit wanapata kwotabeki Jared Goff, raundi ya kwanza ya 2022 na ya 2023, na raundi ya tatu ya 2021. Stafford amekaa Detroit misimu 12 bila kushinda hata mechi moja ya mtoano. Mwaka mmoja baadaye anachukua fainali ya Super Bowl, 23–20 dhidi ya Cincinnati. Kale ka-pasi alikomrushia mpokeaji wake Cooper Kupp huku macho kayaelekeza kwingine, mabeki wote wanamfuata macho, na mpira unakwenda zake upande wa pili! Unakumbuka? Dakika chache mbele, ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 25, akampa Kupp pasi ya tachidauni, ile ya kufikisha mpira eneo la mwisho, iliyoleta ushindi. Kwenye sherehe za ubingwa meneja mkuu wao, Les Snead, akavaa fulana yenye tusi la kuyatukana machaguo ya drafti. Wewe na hesabu zako, mwambie huyo kwamba hailipi.

KHALFANI: Sitamwambia. Kombe ni kombe. Ila angalia Rams walikuwa nani kabla Stafford hajafika. Msimu wa 2020 ulinzi wao ndio ulioruhusu pointi chache kuliko wote kwenye ligi. Aaron Donald yupo, Jalen Ramsey yupo, Kupp yupo. Kilichopungua kilikuwa mtu mmoja tu. Denver walipungukiwa na mengi wakadhani wamepungukiwa na mmoja.

REHEMA: Hapo nakubali.

KHALFANI: Tena kuna kingine watu hukiruka. Rams walikaa toka 2017 hadi 2023 bila kuchagua mtu hata mmoja kwenye raundi ya kwanza. Wengine wangekauka. Wao Kupp walimpata raundi ya tatu, Kyren Williams ya tano, Puka Nacua ya tano. Kama macho yako ni makali kule chini, unaweza kutapanya yale ya juu. Sasa timu ngapi zina macho hayo?

REHEMA: Chache. Lakini na mimi niulize: hayo machaguo ya juu yenyewe yana uhakika gani? Kila mwaka tunaona kijana wa raundi ya kwanza anapotea ndani ya misimu mitatu. Kuna utafiti mashuhuri wa Cade Massey na Richard Thaler, huyu Thaler ndiye aliyepata Nobel ya uchumi 2017, ulioonyesha kwamba timu huyapa machaguo ya juu kabisa thamani kuliko yanavyostahili. Stafford unamjua. Kijana wa chuo unamkisia.

KHALFANI: Unamkisia, ndiyo, ila unamkisia kwa bei nafuu! Tangu makubaliano ya 2011, mshahara wa kijana wa drafti umepangwa kwa miaka minne. Akiwa mzuri, umepata nyota kwa bei ya kutupa. Muulize Detroit. Hebu tuwafuate walivyotumia vile vya Stafford.

REHEMA: Wafuate.

KHALFANI: Raundi ya kwanza ya 2022 wakaitumia kupanda hadi nambari 12 wakamchukua Jameson Williams. Ile ya 2023 ikawa nambari 6, kwa sababu mabingwa walianguka hadi 5–12. Detroit wakashuka, wakabadilishana na Arizona kwa machaguo ya chini zaidi, mwisho wakaondoka na Jahmyr Gibbs na Sam LaPorta. Na Goff, ambaye wengi walimwona kama mzigo waliobebeshwa, Januari 2024 akamfunga Stafford 24–23 kwenye mtoano palepale Detroit. Ushindi wao wa kwanza wa mtoano baada ya miaka 32.

REHEMA: Nilimwonea huruma Stafford usiku ule, wenyeji wake wa zamani wakimzomea mwanzo mwisho.

KHALFANI: Hiyo ndiyo biashara moja ninayoweza kusema pande zote mbili zilifaidi. Nyingine, mmoja alilia.

REHEMA: Na aliyelia zaidi tunamjua. Sisi wa Houston hatuna la kulalamika. Cleveland walitupatia machaguo matatu ya raundi ya kwanza na mengine ili wampate kwotabeki wetu Deshaun Watson, wakati zaidi ya wanawake 20 wameshamfungulia kesi za madai za unyanyasaji wa kingono, yeye akikana. Wakampa dola milioni 230, zote zimehakikishwa. Akafungiwa mechi 11, baadaye kano ya kisigino ikakatika. Sisi chaguo lao la 2023 likatusaidia kupanda hadi nambari 3, tukamchukua Will Anderson. Na Januari 2024 hao hao Cleveland wakaja hapa kwenye mtoano, tukawapiga 45–14. Watson hata hakucheza, alikuwa majeruhi.

KHALFANI: Hiyo wala haihitaji mjadala.

REHEMA: Na Jets wa New York?

KHALFANI: Jets angalau waliweka sharti. Mwaka 2023 walipomchukua Aaron Rodgers, walikubaliana na Green Bay kwamba chaguo la 2024 litakuwa la raundi ya pili, ila akicheza asilimia 65 ya 'snap' za timu, yaani kila mara mpira unapoanzishwa, linapanda kuwa la kwanza. Snap yake ya nne tu ya mechi ya kwanza, kano ya kisigino ikakatika. Hasara kubwa, lakini raundi ya kwanza ikabaki nyumbani.

REHEMA: Indianapolis nao waliweka sharti kwa Carson Wentz, likawageuka. Alicheza vya kutosha, chaguo likapanda kuwa la kwanza, halafu mechi ya mwisho wakafungwa na Jacksonville, timu mbovu kuliko zote msimu ule, wakakosa mtoano.

KHALFANI: Unataka ninayempenda mimi? Alex Smith. Kansas City walitoka 2–14, wakamchukua 2013 kwa machaguo mawili ya raundi ya pili. Misimu 5, mtoano mara 4. Bei ile haikumfunga mikono kocha wao Andy Reid. Ndiyo maana 2017 waliweza kupanda wakamchukua Patrick Mahomes, akakaa benchi karibu mwaka mzima nyuma ya Smith.

REHEMA: Mtoano mara 4, ushindi mmoja.

KHALFANI: Kwa bei ile? Naichukua nikiwa nimelala. Na wale wakubwa kabisa, Brees kwenda New Orleans, Manning kwenda Denver, Brady kwenda Tampa, hawakumgharimu mtu chaguo hata moja. Walikuwa wachezaji huru, wasiofungwa na timu yoyote.

REHEMA: Basi nikupe kiti cha meneja. Ulinzi unao, ukuta wa mbele unaomlinda kwotabeki unao, na kuna kwotabeki wa miaka 33 anauzwa kwa raundi ya kwanza mbili. Unatoa?

KHALFANI: Natoa moja. Ya pili iwe ya masharti, na mkataba mpya hasaini kwangu mpaka nimwone msimu mzima.

REHEMA: Wakala wake atakukatia simu.

KHALFANI: Akate. Nitamsubiri Machi akiwa huru.

REHEMA: Na Machi utakuta timu 5 mlangoni kwake, kaka.