Mkono Unaobana Lakini Haufunguki

SOMOE: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Mtwara, Lindi na popote mlipo. Leo tunazungumzia upimaji wa mkono baada ya kiharusi. Kaka Bakari, wewe ni mtaalamu wa fiziotherapia. Ni kosa gani unalikuta mara nyingi?

BAKARI: Ahsante, dada Somoe. Ndugu humwambia mgonjwa, "Nibane mkono," naye akibana kwa nguvu wote hufurahi, ilhali mara nyingi vidole vimejikunja kwa sababu misuli imekakamaa, wala si kwa hiari yake. Mimi humwomba aufungue. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kwamba mgonjwa ambaye siku ya pili baada ya kiharusi aliweza kunyoosha vidole japo kidogo na kuinua mkono kwa upande kutoka begani, alikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurejewa na kiasi fulani cha wepesi wa mkono baada ya miezi 6.

SOMOE: Na aliyeshindwa?

BAKARI: Asilimia 25. Kwa hiyo si sawa kumkatia mtu tamaa, ila mazungumzo na familia yake yanabadilika.

SOMOE: Baadaye mnapima vipi?

BAKARI: Kipo kipimo cha kazi 19, kila moja ikipewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla yake 57. Mgonjwa hushika vibao vya mbao, humimina maji kutoka glasi moja hadi nyingine, huokota gololi kwa kidole gumba na cha shahada. Akimaliza kwa taabu au kwa kuchelewa sana, hupata 2. Alama hiyo ya 2 ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu kwenye karatasi inaonekana nzuri.

SOMOE: Kwa nini ikushughulishe?

BAKARI: Nilimpima mama mmoja wa Newala, mbanguaji wa korosho, akaiokota gololi, japo kwa kuchelewa sana, nikampa 2. Nikampa korosho iliyobanguliwa ili aimenye lile ganda jembamba. Alipoitazama, aliishika, alipogeuka kuchukua kisu, ikamdondoka bila yeye kujua. Hapo nikatambua kwamba nilipima nguvu na mwendo, nikasahau hisia. Nikamfumba macho, nikamwekea kiganjani sarafu, kifungo na ufunguo, kimoja kimoja, na hakutambua hata kimoja.

SOMOE: Pole yake. Marehemu baba yangu naye aliambiwa mkono wake uko salama, lakini nyumbani alikula na kufunga vifungo kwa mkono mmoja tu.

BAKARI: Ndiyo maana ni lazima tuulize pia mkono unatumika kwa kazi zipi nyumbani, kwani mtu huzoea kuuacha hata pale unapoweza. Yule mama sasa anafanya mazoezi ya kutambua vitu akiwa amefumba macho, na kila anapokuja kliniki huanza na korosho kabla ya gololi.