Dawa imeingia, inatoka wapi? Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi, Moshi

Marahaba. Kaeni, na nyie wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu misingi ya famakolojia, yaani elimu ya jinsi dawa na mwili vinavyoathiriana, kabla hamjaanza zamu za wodini hapa Moshi. Najua mmeshakariri mengi: dawa hii inatibu nini, dozi yake ni ngapi, madhara yake ni yapi. Endeleeni kukariri. Lakini leo nataka tukae kwenye swali ambalo mwanafunzi hulipita haraka: dawa ikishaingia mwilini, inatokaje?

Kuingia sitakaa sana. Dawa ya mshipa inafika yote kwenye damu papo hapo. Ya kumeza inapita tumboni na kwenye utumbo, kisha ini, na ini linaweza kuvunja sehemu kubwa kabla dawa haijafika inakotakiwa. Chakula nacho kina nguvu yake. Dawa mseto ya malaria, ALu, inahitaji mafuta ili lumefantrini ifyonzwe vizuri, ndiyo maana tunamwambia mgonjwa aimeze na chakula au maziwa. Kitanda cha pili yupo anayemeza siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Huyo akinywa maziwa hayohayo, kalsiamu inaishika dawa na nyingi haifyonzwi. Kwa hiyo ukisema "meza na maziwa", jua unamwambia nani.

Sasa kutoka. Njia kubwa ni mbili, ini na figo. Mliokulia mlimani mnalijua bwawa la mfereji: majani yakiziba pa kutokea, bwawa linafurika, ingawa maji yanaingia kwa kasi ileile ya jana. Ndivyo mgonjwa anavyoweza kudhurika kwa dozi iliyoandikwa vizuri na kutolewa kwa wakati. Digoksini, dawa ya moyo, kwa mfano, kwa mtu mwenye figo nzima huchukua siku moja na nusu hadi mbili kupungua kwa nusu kwenye damu. Figo zikichoka muda huo unarefuka, na wewe kila asubuhi unaongeza kidonge kingine. Gentamisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria, ni mbaya zaidi: ikilundikana inaziumiza figo zenyewe, na masikio pia.

Tuitazame kwa karibu magnesiamu salfeti, maana wodi ya wazazi mtakutana nayo. Ndiyo dawa ya kwanza kwa kifafa cha mimba, na inakinga pia: utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, wenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Mnaanza na gramu 4 za mshipa, zikiwa asilimia 20. Chupa uliyo nayo ni ya asilimia 50. Andikeni: asilimia 50 ni gramu 50 kwenye mililita 100, yaani nusu gramu kwa kila mililita. Gramu 4 ni mililita 8. Ongeza mililita 12 za maji ya sindano, unapata mililita 20 za asilimia 20. Sukuma polepole. Kisha gramu 10 za msuli, 5 kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4.

Magnesiamu haivunjwi na ini. Inatoka na mkojo. Basi kabla ya kila gramu 5 mambo matatu lazima yawepo: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo umefika angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Goti ndilo linalotangulia kunyamaza, kisha pumzi, kisha moyo. Ninawasihi, ligongeni kweli. Msiandike "lipo" kwa sababu zamu iliyopita iliandika hivyo. Na kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu ikizidi, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe pale kitandani kabla hujachoma sindano ya kwanza. Isiwe imefungiwa kabatini kwa ufunguo ambao aliye nao ameenda kula.

Swali? Haya, dada wa pale dirishani.

Anauliza: saa 4 zimetimia, daktari ameandika gramu 5, goti linaruka, pumzi 18, ila kwenye mfuko wa mkojo kuna mililita 60 tu. Achome?

Asichome. Mililita 60 kwa saa 4 ni 15 kwa saa, nusu ya tunachohitaji. Kwanza angalia mpira wa mkojo haujakunjika wala kulaliwa. Kama uko sawa, ishikilie dozi, mwite daktari, andika kwenye chati saa, kiasi cha mkojo na sababu ya kutochoma. Kaa na mama, hesabu pumzi tena. Daktari akikwambia kwa simu "choma tu", mtajie namba hiyo ya 15 na mwombe aje amwone mgonjwa.