Kuvu Chini ya Kiyoyozi: Tuanzie Kwenye Paipu

Mabibi na mabwana, ombi nililoletewa lilikuwa kuzungumzia dawa ya kuvu, yale madoa meusi ambayo wengine huyaita koga, yanayotambaa ukutani chini ya kiyoyozi. Mtaniwia radhi, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno yangu itahusu maji.

Hewa ya Dar es Salaam wakati wa masika, ikiwa na nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 75, hubeba takriban gramu 23 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipita kwenye koili, yaani mabomba ya kupoozea yaliyo ndani ya kiyoyozi, yenye nyuzi 10 hivi, haiwezi kubakiza hata nusu ya maji hayo, na yanayozidi hugeuka matone, kama yale yanayolowesha chupa ya soda iliyotolewa kwenye jokofu. Matone huangukia kwenye trei iliyo ndani ya mashine, kisha, katika viyoyozi vingi vya majumbani, hutiririka nje kwa paipu nyembamba isiyo na msukumo wowote ila mteremko wake. Kwa hiyo paipu ikizibwa na vumbi na utelezi, au fundi akiwa ameifunga kwa namna inayoifanya ipande kabla ya kushuka, trei hufurika na ukuta ndio unaoyapokea maji. Tena filta iliyojaa uchafu, au gesi iliyopungua, huweza kuifanya koili igande barafu, ambayo huyeyuka mashine ikishazimwa. Ndiyo sababu mpangaji huapa kwamba kiyoyozi chake huvuja kikiwa kimezimwa, na fundi akamwona mzushi.

Ukuta ukikaa na maji kwa zaidi ya siku moja au mbili, kuvu huanza kuota, kwani mbegu zake zimo hewani siku zote, na karatasi inayofunika bodi za jipsamu ni chakula chake. Kupiga rangi juu yake, desturi wanayoipenda baadhi ya wenye nyumba mpangaji mmoja anapohama, hakusaidii: rangi hubabuka na madoa hurudi.

Basi zima umeme kwanza, fundi azibue paipu, arekebishe mteremko, asafishe trei na filta. Ukuta wa lipu husuguliwa kwa maji ya sabuni, madirisha yakiwa wazi, nawe umevaa glavu na barakoa, kisha huachwa ukauke kabisa; jipsamu iliyolainika na kuota kuvu haisafishiki, hukatwa na kutupwa. Wanaotumia jiki wasiichanganye kamwe na siki wala amonia, maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Mwenye pumu asifanye kazi hii, na watoto wasilale chumbani humo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2009 inauhusisha unyevu wa nyumbani na kikohozi, kukorota kwa kifua na pumu.

Kabla hujamlipa fundi, mwombe amimine maji taratibu kwenye trei, nawe usimame nje uangalie ncha ya paipu. Yakitoka kwa mfululizo, mpe haki yake. Fundi wa rangi umwite ukuta utakapokuwa umekauka.